WALIOITWA KUHUBIRI RABAI

Ukitoka kisiwani Mombasa ukavuka daraja la Nyali, haupiti muda mrefu utasikia utingo wa matatu akipaza sauti: "Kengeleni! Kengeleni wapo?" Watu hushuka, wakaenda sokoni Kongowea au wakashika njia ya Kisauni, kila mtu na haja zake. Ni wachache wanaojiuliza kengele hiyo ni ya nani, na ilikuwa ikimlilia nani.

Kengele hiyo ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mnara wake ungali umesimama kando ya barabara. Wenyeji husimulia kwamba ilikuwa ikigongwa kuwaita watu kanisani, na vile vile kuwatahadharisha wenyeji wa kijiji walipoonekana watu wabaya wakija.

Mimi ni Mwislamu, na makala haya sikuyaandika ili nimvute mtu dini hii au ile. Nia yangu ni kueleza jambo ambalo sisi watu wa pwani tumeishi nalo jirani kwa zaidi ya miaka 150, nalo ni hili: ni kitu gani kinachomfanya mtu aliyezaliwa huku huku kwetu aishike imani ya Kikristo, kisha asimame mbele ya watu aseme kwamba Mwenyezi Mungu amemwita ahubiri?

Swali hili si la kupoteza wakati. Pwani yetu hii, mtu akibadili dini, nyumba hutikisika. Ndugu hununiana, mama hulia, na siku ya msiba hushindaniwa hata maiti azikwe wapi. Yafaa basi tuwajue waliotangulia, na yaliyowapata.

PADRI NA KADHI

Dakta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, alifika Unguja mwezi wa Januari 1844 baada ya kufukuzwa Uhabeshi. Seyyid Said bin Sultan alimpokea kwa heshima, akampa barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee wema mgeni huyo. Naam, padri wa kwanza wa misheni hiyo aliingia Mombasa kwa barua ya mfalme Mwislamu.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa ilimwua mkewe, Rosine, na siku chache baadaye kitoto chao kichanga. Walizikwa ng'ambo ya Mombasa, upande wa Nyali, si mbali na hapo panapoitwa Kengeleni leo.

Krapf hakurudi kwao. Aliendelea kujifunza Kiswahili na kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo. Na ni nani aliyemsaidia kazi hiyo? Ni Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Sura za kwanza za tafsiri hiyo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847.

Wako watakaoshangaa Kadhi akimsaidia padri. Mimi sishangai. Habari za Nabii Adam, Nabii Nuhu na Nabii Ibrahim (A.S.) hazikuwa ngeni kwa Kadhi. Mgeni amekuja na kitabu, na mwanachuoni hakikimbii kitabu. Kila mmoja alibaki na dini yake, na hakuna aliyemtukana mwenzake.

Matokeo yake yamo vinywani mwetu mpaka leo. Mkristo wa Kiswahili akisema anahubiri, neno hilo lina asili ya Kiarabu. Akisema imani, sala, dhambi, toba, nabii, malaika, shetani, Injili, yote ni maneno yaliyokuwa yakitumika misikitini na vyuoni mwetu kabla padri hajatia nanga. Hata kanisa na msalaba ni maneno ya Kiarabu. Basi aliyeitwa kuhubiri Ukristo pwani hii aliitwa kwa lugha iliyokwisha kupikwa na Waislamu.

KIWETE WA KWANZA

Mwaka 1846 alifika mwenziwe Krapf, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wote wawili wakahamia Rabai, mahali paitwapo Kisulutini, wakapokewa na wazee wa Kirabai. Wazee hao walikuwa na kaya zao, misitu mitakatifu ambayo leo inajulikana duniani kote, kwani mwaka 2008 kaya za Wamijikenda zilitiwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Wazee waliwapa wageni mahali pa kukaa, lakini dini yao hawakuiacha. Miaka ilipita. Rebmann alikaa huko miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, na wale aliowabatiza walihesabika kwa vidole. Dunia inamkumbuka kwa kuuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, lakini hiyo siyo kazi iliyomleta.

Mtu wa kwanza kuikubali imani ile alikuwa kiwete aitwaye Mringe. Hakuwa mzee wa kaya, hakuwa na mali, na hakuna aliyemtarajia kwa jambo kubwa. Alisikiliza maneno ya padri, yakamwingia, na alipokuwa kitandani karibu ya kufa ndipo alipobatizwa. Hakupata umri wa kuhubiri.

Wa pili alikuwa Gunja, Abe Gunja kwa jina la heshima, na mwanawe Nyondo pia akabatizwa. Ukienda Rabai leo ukaingia katika jumba la makumbusho la Krapf, utaona mambo mengi ya Wazungu hao wawili. Mimi nilipokwenda niliyatazama yote, lakini aliyenishughulisha zaidi ni yule kiwete. Kanisa kubwa la Kianglikana la Kenya, lenye maaskofu na mamilioni ya waumini, lilianza na mtu asiyeweza hata kutembea.

MATEKA WALIORUDI

Wahubiri hasa walikuja kwa njia nyingine, njia ya bahari na ya machozi.

Tusifichane. Pwani yetu ilikuwa soko la watu. Watoto wa Kiyao, wa Kinyasa, wa Kizaramo na wa makabila mengi walitekwa bara, wakateremshwa pwani, wakapakiwa majahazini kwenda Arabuni na kwingineko. Manowari za Kiingereza zilikamata baadhi ya majahazi hayo, na watoto wengi waliokombolewa wakapelekwa Bara Hindi. Huko, karibu na mji wa Nasik, palikuwa na kijiji cha misheni kiitwacho Sharanpur, wakafundishwa kusoma, kazi za mikono na dini ya Kikristo.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa Kiyao aliyepewa jina la William Jones. Jina la kwao alilopewa na mamake lilizama huko nyuma.

Mwaka 1864 Jones, pamoja na wenzake kama Ishmael Semler na George David, waliletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Baadaye, Freretown ilipokuwa ikianzishwa, walikuja wenzao wengi zaidi kutoka Bombay, na watu wa Mombasa wakawaita Wabombei. Rebmann alipoondoka mwaka 1875, macho yake yamekwisha kupofuka, George David ndiye aliyeendelea kuangalia kazi ya Kisulutini.

Hebu msomaji fikiri. Mtu ametekwa mtoto, ameuzwa, amevushwa bahari, amekulia ugenini, amekuwa huru, ana kazi ya mikono inayoweza kumlisha huko huko aliko. Kisha anarudi kwenye pwani ile ile alikopitishwa na kamba shingoni, arudi kuwahubiria watu wake. Ikiwa huo si wito, basi sijui tuuite nini.

BENDERA YA BULUU

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono Jones na Semler, wakawa mashemasi, daraja la kwanza la wahudumu wa kanisa lao. Hao ndio Waafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika nchi ambayo sasa ni Kenya.

Mwaka huo huo askofu alifunga safari kwenda Buganda, na Jones akaenda naye. Walipofika Wanga, mahali palipoitwa Kwa Sundu, pale ambapo leo ni Mumias, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu wachache. Kabaka Mwanga alihofia wageni wanaoingia kwake kwa njia ya mashariki. Hannington akakamatwa Busoga, na mwishoni mwa Oktoba akauawa pamoja na wapagazi wake wengi.

Jones alikaa akingoja. Habari zilipomfikia kutoka kwa wachache waliookoka, kazi iliyombakia ilikuwa moja: kuwarudisha watu wazima pwani, safari ya mamia ya maili, katika nchi ya njaa na ya vita. Aliifanya. Mwezi wa Februari 1886 watu wa Rabai waliuona msafara ukija na bendera ya buluu, na juu yake, kwa herufi nyeupe, limeandikwa neno la Kiebrania "Ichabod". Neno hilo ni jina lililomo katika vitabu vyao, na maana yake yahusu kuondokewa na utukufu.

Askari aliyeshindwa huficha bendera. Huyu aliiinua juu, watu waujue msiba kabla hajafungua kinywa.

WATORO WA RABAI

Baada ya hapo Jones alikaa Rabai, na mtihani wake mkubwa ulimkuta huko huko.

Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia misheni. Waliitwa watoro. Walijenga vibanda, wakalima, wengine wakaingia darasa la dini. Wenye watumwa walikasirika, kwa kuwa kwa sheria ya siku zile walikuwa wakipoteza mali yao. Mnamo 1880 watu wa mjini walitishia kuivamia Freretown kwa silaha. Wakubwa wa misheni nao waliogopa ugomvi na serikali ya Sultani, wakaagiza watoro wasipokewe.

Sasa mhubiri afanye nini? Mbele yake amesimama mtu mwenye makovu ya pingu, na mhubiri mwenyewe alikuwa na pingu hizo utotoni. Amwambie, rudi kwa bwana wako? Rabai watoro wakazidi kuongezeka, mwaka hata mwaka.

Mambo yalifikia kikomo mwaka 1888, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi Mombasa. Mjumbe wake, George Mackenzie, aliona kuwa jambo hili litaleta vita, akakubaliana na wenye watumwa walipwe fidia. Siku ya mwaka mpya wa 1889, Rabai na misheni za jirani, watoro zaidi ya 1,400 walipata vyeti vyao vya uhuru. Hakuna damu iliyomwagika siku hiyo, na wenyeji wa Mombasa waliopokea fidia nao walisifiwa kwa kulikubali jambo hilo kwa amani.

Lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagika kabla. Bara ya Takaungu, mahali paitwapo Fuladoyo, palikuwa na kijiji cha Wakristo wa Kigiriama na watoro, na kiongozi wao alikuwa David Koi. Huyu hakuwa padri, wala hakuwahi kwenda Bombay wala Ulaya. Alikuwa Mgiriama aliyeamini, akaona ana la kuwaambia watu, akawaambia. Kijiji chake kikawa kimbilio la watoro. Mwaka 1883 alikamatwa na watu wa upande wa wenye watumwa, akakatwa kichwa. Wakristo wa Kenya humtaja kuwa shahidi wao wa kwanza.

Si vizuri sisi kuliruka jambo hili kwa kuwa waliolitenda walikuwa wakijiita Waislamu. Walitetea mali, wala si dini. Uislamu unamhesabia thawabu kubwa mwenye kumwacha mtumwa huru, na hilo kila mtoto wa chuoni analijua.

FIMBO NDANI YA UZIO

Wala tusidhani kwamba ndani ya uzio wa misheni mambo yote yalikuwa asali. Freretown yenyewe ilikuwa na jela yake na viboko vyake. Mwaka 1881 habari za mapigo hayo zilifika kwa wakubwa wa Kiingereza, pakafanywa uchunguzi. Mtu aliyekombolewa jahazini akachapwa na yule aliyemkomboa!

Nao Wabombei, waliosoma na kujua Kiingereza, waliona wazi kwamba Mzungu kijana aliyefika jana analipwa zaidi na kusikilizwa zaidi kuliko wao waliofanya kazi miaka 20. Jones alingoja miaka 10 tangu kuwa shemasi mpaka kupewa upadri mwaka 1895.

Hapa ndipo ninapouona uzito wa wito wao. Kama wangekuwa wamevutwa na mkate na nguo tu, kama wasemavyo watu barazani, wangeondoka siku ile fimbo ilipoinuliwa. Wengine waliondoka kweli, wakatafuta kazi kwingine. Waliobaki walibaki kwa sababu walioijua wao na Mola wao.

MFANO WA LANGONI

Msomaji asije akadhani kwamba ni misheni peke yake iliyowafungulia mlango watu waliodharauliwa. Katika miaka ile ile, kule Lamu, alikuwako Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija. Yeye alikaa mtaa wa Langoni, akawafundisha dini watu ambao waungwana wa mji hawakutaka kukaa nao darasa moja: wageni, maskini na wale waliokuwa na asili ya utumwa. Wakubwa walinung'unika, hasa kwa ajili ya matari na kasida. Habib Saleh hakuacha. Msikiti wake wa Riyadha umekuwa chuo kinachotajwa Afrika Mashariki yote, na Maulidi yake hujaza mji wa Lamu kila mwaka. Alifariki mwaka 1935.

Ninaweka Langoni na Rabai pamoja si kwa kuzichanganya dini. La. Nasema kwamba mtu aliyevunjwa moyo na wakubwa wa mji hutafuta mlango ulio wazi. Palipokuwa na mtu kama Habib Saleh, aliingia msikitini akakaa. Palipokuwa hapana, alipanda mlima wa Rabai. Sisi tunaolalamika leo kwamba fulani na fulani wametoka katika dini, tungeanza kwa kuuliza kama barazani petu walipewa mkeka wa kukalia.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliliona jambo hilo mapema. Katika magazeti yake, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah la mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasome, wajenge shule na waeleze dini yao kwa Kiswahili chepesi. Wamisheni walikuwa wakieleza ya kwao, sisi je? Hata Kurani ilipofasiriwa nzima kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza, mwaka 1923, aliyefanya kazi hiyo alikuwa padri wa Unguja, Godfrey Dale, na tafsiri yake Waislamu hawakuridhika nayo. Ndipo baadaye Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipotuandikia tafsiri yake, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969. Kadhi wa Mombasa alimpa padri maneno, na padri alipoyatumia, masheikh nao wakaamka kushika kalamu.

NINI BASI WITO?

Kwetu sisi hakuna upadri. Imamu ni yule aliye mjuzi zaidi, na kufikisha ujumbe ni wajibu wa kila Mwislamu kwa kadiri ya elimu yake. Wakristo wa Kianglikana wao husema kwamba mtu husikia moyoni mwake anaitwa, kisha kanisa likamchunguza, likamsomesha, na askofu akamwekea mikono. Kusikia peke yake hakutoshi. Lazima wenzake nao waone.

Tofauti ni kubwa kati yetu na wao kuhusu Nabii Isa (A.S.), na hakuna haja ya kuipaka rangi. Sisi tunamwamini kuwa mtume wa Mungu, mwana wa Maryam. Wao wanasema zaidi ya hayo. Jambo hilo halitakwisha kwa makala ya gazeti, wala kwa mihadhara ya vipaza sauti inayofanywa sokoni watu wakatukanana mchana kutwa.

Lakini Mringe, Jones na Koi wanatupa kipimo ambacho dini zote mbili zinakijua. Tusimpime mhubiri kwa ukubwa wa sauti yake. Tuangalie alikuwa tayari kupoteza nini. Mmoja alipoteza heshima ya jamaa zake, mmoja usingizi wa miaka mingi, na mmoja kichwa chake. Siku hizi wako wanaodai wameitwa, wakavaa suti, wakapanda majukwaani kuuza maji na mafuta ya baraka kwa maskini. Wako na wa kwetu wanaouza hirizi kwa jina la dini. Wote hao wapimwe kwa mizani moja.

Kama kijana wa nyumba yako, msomaji, atakujia siku moja na imani usiyoitaka, usianze kwa kumfungia mlango. Mwulize amesikia nini, na ni nani aliyemsikiliza alipokuwa na shida. Mlete kwa mwanachuoni mwenye subira, asimtukane. Na jirani yako Mkristo akifiwa, nenda kamzikie, kama wao wanavyokuja kwetu. Mtu wa pwani husema jirani mwema ni bora kuliko ndugu aliye mbali, na Rabai si mbali. Ni kule juu tu, ukipita Mazeras.